Mkono Uliofika Sikioni

Nilimdanganya Nyanzala. Nalisema mapema, kabla sijapata ujanja wa kulizungusha, maana nimelikana mara nyingi kiasi kwamba ulimi wangu sasa unajua kukana kuliko unavyojua sala. Nilikana mbele ya mama yangu, nikakana mbele ya mwalimu, na baadaye, nilipokwisha kusoma vitabu vingi, nikakana mbele ya nafsi yangu kwa maneno marefu zaidi. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua zaidi ya miaka thelathini, na kila nikisikia harufu ya chaki iliyoloana najua kwamba bado natembea. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa barazani kwa shule yetu ya msingi asubuhi ile ya Januari, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, paa lilikuwa linavuja, na upepo kutoka ziwani ulileta shombo la samaki hadi kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu.

Tulikaa Pasiansi, mjini Mwanza, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja. Mama yangu alikuwa nesi wa zahanati, na mtaa mzima ulimwita Mama Nesi. Chumba cha pili kutoka kwetu alikaa baba yake Nyanzala, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Nyakato, pamoja na mkewe Mama Masanja na watoto watatu: Masanja aliyekuwa darasa la tatu, Nyanzala, na mtoto mchanga. Nyanzala alinizidi umri kwa karibu mwaka mzima, na alinizidi kila kitu kingine pia. Kwenye rede alikwepa mpira kama mjusi. Kwenye kuruka kamba mimi nilikuwa mtu wa kushika kamba. Nilimpenda, na nilichoka kumpenda.

Siku ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza Mama Masanja hakuweza kutoka kwa sababu ya kichanga, basi mama akatuchukua sote wawili. Siku hizo watu wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Cheti kilikuwa mkono wako: unaupitisha juu ya kichwa, na ukishika sikio la upande wa pili, umri umetimia. Usipofika, rudi mwakani. Mimi nilikuwa sijatimiza miaka saba, lakini kwa majuma matatu mama alikuwa akinifundisha kuinamisha shingo kidogo ili mkono ufike. Mtu wa kwanza kunifundisha udanganyifu wa mtihani alikuwa mama yangu, Mungu amweke mahali pema.

Foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu mmoja akapita akisema madawati hayatoshi, zimebaki nafasi chache. Nikatazama mbele yangu. Nilimwona Nyanzala na mikono yake mirefu, nikaona wazi kwamba nafasi ya mwisho ni yake na mimi nitarudi nyumbani kushika kamba. Wakati huohuo mtoto mmoja akatoka ofisini analia. Sikujua alichokuwa analilia. Nikamnong'oneza Nyanzala kwamba anayegusa sikio anachomwa sindano, sindano ndefu, na ndiyo maana yule analia.

"Kweli?" akauliza.

"Mama ndiye anazileta," nikasema.

Habari ya sindano ikitoka kwa mtoto wa nesi haihitaji shahidi. Nyanzala alipoitwa, mkono wake uliishia utosini. Mwalimu mkuu akamwambia ajaribu tena, ukaishia palepale. Mimi nikainamisha shingo, nikashika sikio, nikaandikwa. Tulipokuwa tunarudi mama alinishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida.

"Ulimwambia nini mtoto wa watu?"

"Sikumwambia kitu."

Mama Masanja aliposikia alikuwa ananyonyesha. Alisema tu, kwa lafudhi yake ya Kisukuma, "Atakwenda mwakani, hakuna halaka," akageukia ukutani.

Watu huniuliza, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha, mtoto anajifunza nini katika mwaka wa kwanza wa shule. Nina majibu ya kitaaluma, lakini ninayoyakumbuka ni haya. Nilijifunza kusimama mwalimu anapoingia na kusema shikamoo kwa sauti moja na watoto sabini. Nilijifunza kukaa wanne kwenye dawati la watatu, kila mmoja akiwa na nusu ya makalio hewani. Nilijifunza kuhesabu kwa vizibo vya soda vilivyotungwa kwenye waya, na mpaka leo nikisema kumi nasikia vikigongana. Tuliandika herufi kwanza kwa kidole hewani, kisha kwa kijiti mchangani, na kwa penseli ilipofika zamu yake. Tulikaguliwa kucha. Tulibeba fagio na vidumu vya maji, tukaambiwa kwamba elimu ni bahari, sisi ambao hatujawahi kuiona bahari tukaelewa kwamba elimu ni ziwa na tukaridhika. Na kulikuwa na somo jingine lisilo na kipindi: kwamba mwenzako akishindwa, wewe unasogea. Tulipangwa kwa nafasi, wa kwanza mpaka wa sabini, na hakuna aliyetueleza kwamba mtu anaweza kufurahi bila mwingine kuteremka. Mimi sikuhitaji maelezo, nilikuwa nimefaulu somo hilo barazani kabla ya kengele ya kwanza.

Mchana nikirudi nilimkuta Nyanzala uani, kichanga kimefungwa mgongoni kwa kanga ya mama yake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa, moja ya yale mawe ambayo Mwanza imejengwa katikati yake, na hapo nikafungua shule. Nilikuwa na mkaa wa kuandikia na fimbo. Sijui nilikuwa nalipa deni la dhambi au naringa. Nadhani yote mawili. Nilimfundisha ba be bi bo bu huku akibembeleza mtoto, na akikosea nilimchapa kwenye kiganja, maana kwa nilivyoona mimi, kuchapa kulikuwa sehemu ya kusoma. Hakulalamika. Alifuata kidole changu na midomo ikicheza. Ilipofika Agosti, siku moja mama yake alitoka na mfuko wa unga, na Nyanzala akasoma neno zima lililoandikwa juu yake, kwa sauti, wakati mimi bado nilikuwa naunganisha silabi ya pili.

Kesho yake nilimwambia Nyanzala kwamba mwalimu, yaani mimi, anaumwa. Keshokutwa yake nikamwambia shule imefungwa. Haikufunguliwa tena.

Mwishoni mwa mwaka ule kiwanda kilipunguza watu. Maneno yaliyotumika redioni yalikuwa mapya na yenye heshima, lakini uani kwetu yalikuwa na maana moja: baba yake Nyanzala alirudi mchana, akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa karibu nayo mpaka jua likazama. Wakaamua kuvuka ziwa kwenda Kamanga, na kutoka hapo kijijini kwao, kulima na kuvua. Masanja, kwa kuwa alikuwa shuleni tayari, aliachwa mjini kwa shangazi yake amalize. Hakuna mtu anayekatisha masomo ya mtoto aliyekwisha kuanza. Lakini aliyekuwa hajaanza alikuwa mzigo kama mizigo mingine, na Nyanzala akapanda feri na masufuria na kichanga. Mwakani ya Mama Masanja haikufika.

Nimejitetea vizuri, nisijinyime sifa hiyo. Nilijiambia kwamba mkono wake ulikuwa mfupi kweli. Nilijiambia kwamba mama yake alimtaka abaki alee mtoto na ndiye aliyemwagiza asifikishe mkono sikioni. Mama yangu aliniuliza tena nilipomaliza darasa la saba, na mara ya mwisho akiwa mgonjwa, na mara zote mbili nikamjibu vilevile. Leo mtoto wangu ameandikishwa kwa cheti, picha mbili na fomu, na alipofika darasa la kwanza alikuwa amekwisha kumaliza miaka miwili ya chekechea. Hakuna anayemgusisha sikio. Darasa lake lina watoto wengi kuliko letu na shule ina vyoo vichache, lakini mlango hauulizi urefu wa mkono. Nilipomwangalia akiingia sikuona maendeleo tu, niliona nafasi ya mtu.

Mwaka jana nilikutana na Masanja harusini. Ana kazi ya ofisini bandarini na kitambi cha kutosha. Akanipa namba ya dada yake, nami nikakaa nayo miezi minne kabla ya kupiga.

"Nani?"

"Binti wa Mama Nesi, wa Pasiansi."

Akacheka. "Mwalimu. Bado unachapa watu?"

Tukasalimiana, tukapeana pole za wazazi waliotangulia. Aliniambia anaanika dagaa na kuuza, na ana watoto watano, wote wamesoma. Mwenyewe anaweza kuandika jina lake. "Nasoma mpaka pale ulipofunga shule," akasema, bila uchungu, kama mtu anayeeleza barabara inapoishia. Basi nikauliza, nikizunguka kama mgeni anayetafuta mlango: siku ile ya kuandikishwa, mkono wake ulikuwa haufiki kweli?

"Ulifika. Nyumbani nilikuwa nashika mpaka shavu. Pale nilikunja kiwiko."

"Mama yako ndiye alikuagiza?"

"Mama? Mama alilia siku ile. Si wewe uliyeniambia kuna sindano? Na mama yako nesi, ningebisha vipi?"

Nikamwomba msamaha. Akasema alikwisha kunisamehe zamani, angekaa na kinyongo miaka yote hiyo angeanua dagaa saa ngapi. Ningeishia hapo. Lakini mtu aliyezoea kujitetea hajui kunyamaza, nikaongeza, "Tulikuwa watoto, Nyanzala."

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni."