Vipande vya Kiazi

Kila nimenyapo kiazi, harufu yake mbichi hunirudisha uani kwetu Kilosa, kwenye mkeka aliolalia baba, vipande viwili vya kiazi vikiwa juu ya macho yake.

Alikuwa fundi wa karakana ya reli mpaka yeye na wenzake walipopunguzwa kazi. Nilifuatana naye Mikumi kununua mashine ya kuchomelea, apate kutengeneza magari nyumbani. Muuzaji alimwekea mezani na miwani nyeusi ya kukinga macho.

"Mzee, hii usiiache."

Baba aliigeuzageuza. Karakanani miwani aligawiwa, hakuwahi kuinunua. Akairudisha, pesa yake akaiongeza kwenye mashine kubwa zaidi. Nyumbani alikata picha ya eksirei ya kifua cha mama, akawa anautazama moto kupitia mbavu zake.

Siku ile ya mkeka, macho yalimvimba kana kwamba yametiwa mchanga. Mama alimkatia kiazi, akambandika vipande machoni vimpoze. Mara dereva wa pikapu akapiga hodi, chasisi, ile fremu ya chini ya gari, imekatika, na ana abiria wa Tindiga, akina mama wenye magunia. Baba alibandua viazi, akapapasa ukuta hadi kwenye gari, akaingia uvunguni. Alipomaliza kuchomelea aliniita nijipenyeze pale alipolala.

"Mwanangu, mshono umeshika?"

Mshono ulikuwa na matundu, umepinda, nusu yake umepita pembeni ya ufa. Baba, macho ameyafumba, alinishika bega.

"Umeshika, baba."

Dereva alisikia, hakuinama kutazama. Akina mama walipanda juu ya magunia yao, wakanipungia mkono.