Milingoti ya Kustaafia

Mafua yakinibana, mama hunifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mlingoti, nijifukize. Watu wengine wakinusa harufu ile wanapona. Mimi napandwa na hasira. Namkumbuka Mjomba Festo, na msinihukumu kabla sijamaliza.

Nilikuwa darasa la pili, naishi kwa Bibi kule Mgeta. Siku za lori la Dar, Bibi alijitwika tenga la kabichi akateremka nalo alfajiri, magoti yakilia kama bawaba kavu. Juu ya shamba alikuwa amepanda milingoti. "Mtu wa kabichi hana mwajiri," alisema, "anajistaafisha mwenyewe. Hii ikinenepa, nashusha tenga." Jioni aliikumbatia mmoja mmoja kupima unene. Mimi nilidhani anaisalimia.

Jumapili moja tukarudi kutoka misani, tukakuta visiki. Mjomba, mwanawe wa kwanza, alikuwa amemuuzia mtu wa nguzo za umeme milingoti yote.

"Mama, kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye msimamizi wa mali yake," akajitetea, miguuni viatu vipya vyenye ncha kama mdomo wa korongo. "Na wewe kwani ni mwalimu, utake kustaafu?"

Bibi hakulia. Alichukua jembe akaenda kupalilia visiki. Nikajua kachanganyikiwa, basi kisasi ni changu.

Upupu hauuzwi, unaota bure bondeni. Niliuvuna kwa jani la mgomba, nikaupaka ndani ya suruali yake ya misa. Jumapili iliyofuata, wakati wa matoleo, Mjomba alitembea mbele kwa madaha, akasimama ghafla, akaanza kujikuna sehemu ambazo kanisani hazitajwi. Kwaya ikapoteza sauti.

"Festo, una mashetani?" mama mmoja akauliza.

Nilifurahi hadi nikatoa sadaka bila kusukumwa.

Lakini jioni alioga, akapona. Kesho yake Bibi akajitwika tenga lilelile. Upupu wangu haukumpunguzia hata kabichi moja.

Sikujua kwamba mlingoti haufi kwa kukatwa. Visiki vilichipua, Bibi akabakiza machipukizi yaliyonyooka. Halafu akapika, akaalika ukoo mzima, na watu walipokwisha kushiba akatangaza kwamba milingoti ile ni yake, si ya ukoo. Nani abishe na wali wa mtu tumboni?

Likizo iliyopita, nikiwa kidato cha tatu, nilimkuta amekaa kwenye kigoda. Ndani ya tenga kuku alikuwa anaatamia. Wachukuzi walikuwa wanateremsha nguzo zake kwenye lori, na wa mwisho kabisa, mwenye kipara, alihema kama mbuzi wa kupanda mlima. Mjomba Festo. Hakujiwekea hata mche mmoja, akaja kuomba kibarua.

"Shikamoo, Mjomba," nikamwamkia, kwa adabu iliyozidi kipimo.

"Taratibu, baba," Bibi akampazia sauti. "Usinichubulie pensheni."

Upupu wangu ulimwasha mpaka jioni. Wa Bibi anaubeba begani, nguzo baada ya nguzo, na akifika chini anapanda kufuata mwingine.