Habari Iliyokomea kwa Baba

Makopo matupu ya maziwa yalianza kulia kabla jua halijapanda. Yalifungwa kwenye kamba zilizokatiza shamba letu la mpunga bondeni, mwendo wa saa tatu kutoka Ifakara, na dada yangu Skola alizivuta kutwa nzima kuwafukuza ndege waharibifu, kweleakwelea, akiwa juu ya dungu, kijumba cha miti, upande wa mto. Kila mpunga ulipoiva familia nzima ilihamia shambani, shule ikasubiri. Miaka ile ya hamsini hakuna aliyeona ajabu. Mimi naona hadi leo, na hasira haijanitoka.

Skola alikuwa darasa la nne, akili zake wembe. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikikaa na Baba kwenye dungu la upande wa njia. Asubuhi moja jirani yetu, mama Kanisia, alipaza sauti kutoka shamba la pili, kama tulivyopashana habari zote kule: "Baba Skola wee! Mwalimu kasema mtihani ni kesho! Skola arudi leo!" Baba akajibu, "Haya, nimesikia!" Ilikuwa zamu yake kuipokeza habari upande wa mto. Hakuipokeza. Nilipoinuka niite mimi, alinishika bega. "Kaa chini. Mtihani hauliwi. Ndege wakimaliza mpunga, tutakula karatasi?" Nikakaa, nikanyamaza.

Bila mtihani ule hakukuwa na darasa la tano. Skola aliozwa mwaka uliofuata, na alikufa akidhani mwalimu alimsahau, maana sikuthubutu kumwambia. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakutuambia afanywe nini anayeua ujumbe.

Nilisoma mimi. Nilianza kwenye mitambo ya simu, nikaishia na kampuni yangu ya kusimika minara. Sasa nimestaafu, na jioni nawafundisha hesabu wasichana wa Ifakara bila malipo. Watu husifu moyo wangu wa kujitolea. Moyo gani? Ni hasira tu.

Msimu uliopita mwanafunzi wangu mmoja hakuonekana, na mtihani ulikuwa kesho yake. Nilimpigia baba yake shambani. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Nilikodi bodaboda, nikamkuta ameketi, simu mkononi, jina langu kwenye kioo.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nilikuwa nangoja tumalize kuvuna."

Nilimpakia binti yake kwenye bodaboda tukaondoka. Shikamoo ile sikuiitikia, na sitaiitikia.