Kuzama Kwenye Maji ya Kiunoni

Nilipuliza filimbi ya kuomba msaada nikiwa kwenye maji ya kiunoni. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu baba humwambia kila mgeni anayekuja nyumbani, nami nimechoka kuwahiwa.

Mashua niliiunda mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu, ndani ya banda la zamani la kahawa kihambani kwetu, shamba la ukoo, mlimani juu ya Himo. Mbao zilitoka kwenye mti wa mgrivea alionipa bibi. Tanga lilikuwa turubai la kuanikia kahawa. Baba alilitaka banda hilo kwa ng'ombe wake, na bibi, mwenye kihamba, akakata shauri: "Mashua ikielea na mtu ndani, banda ni la mjukuu wangu. Ikizama, ni la ng'ombe." Tayari nilikuwa na mchoro wa mashua ya pili. Bila banda ningeijengea wapi, chini ya migomba?

Mimi ni mtu wa orodha. Hurudi mara tatu kuhakikisha nimefunga mlango, na mara ya nne kuhakikisha kwamba nilirudi. Niliandika vitu ishirini na sita vya kukagua ufukweni, nikanakili upya mara mbili kwa sababu ya mwandiko. Namba moja ilikuwa kizibo. Chini, upande wa nyuma, mashua ilikuwa na tundu la kutolea maji ya mvua, na kizibo chake nilikichonga kwa soli ya kandambili nyekundu. Nilikiwekea tiki nyumbani, kabla hata ya chai. Sina utetezi. Napenda kuweka tiki.

Tukateremka na pikapu ya baba kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Bibi alikaa mbele na baba. Mimi nilikaa nyuma na mashua, pamoja na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, maana bibi alisema shughuli haiendi kavu. Mbege haizibwi, inapumua, ndiyo maana kifuniko cha dumu kilitobolewa. Tulipopita Himo joto likaichemsha, povu likaanza kurukia tanga langu safi. Nikachomoa kizibo cha mashua, nikakipachika kwenye kifuniko. Kilienea sawasawa. Nikajipongeza.

Bwawani nilisoma orodha kwa sauti, nikaanzia namba mbili.

Bibi aliketi kando ya dumu lake. Wavuvi waliacha kushona nyavu, wakatazama. Upepo ulishika tanga, mashua ikaondoka, na nyuma yangu nikasikia vigelegele vya bibi. Nilifurahi mno hata nyayo zilipolowa nilidhani ni matone tu. Kisha nikawa nimekalia maji. Mashua iliketi chini taratibu, kama ng'ombe anayelala. Nikapuliza filimbi. Nikapuliza tena.

"Dada," mvuvi mmoja aliita, "simama tu."

Nikasimama.

Walicheka hadi wakashikana mabega. "Ng'ombe wangu wamepata nyumba," baba akawaambia, na hapo ndipo nilipolia kidogo. Kwa bahati nilikuwa nimelowa tayari.

"Mjukuu wangu," bibi aliita, "hiki chekundu ni cha nini? Dumu limevimba kama lina mimba."

Ningeweza kusema mbao zimepasuka. Nililifikiria hilo, kwa kweli.

"Ni cha mashua, bibi. Nilikichomoa Himo."

"Kwa hiyo mashua haina kosa."

"Haina. Kosa ni langu."

"Basi mtihani bado," alimwambia baba.

"Mama, ulisema ikizama."

"Nilisema mashua. Aliyezama ni huyu."

Akachomoa kizibo. Mbege ilimpiga baba kifuani. "Hiki kinarudi kwenye mashua," bibi alisema, "na mimi sipandi mlima na dumu linalotema mate. Inywewe yote." Wavuvi hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Waliipindua mashua wakamwaga maji, kisha wakaenda kutafuta vikombe. Baba, kwa kuwa ndiye dereva, hakuonja.

"Sasa panda na wewe," bibi alimwambia. "Wewe ndiye mzito."

Alivua viatu. Kabla ya kupanda aliinama akabonyeza kizibo kwa dole gumba, akanitazama, akabonyeza tena. Tukaondoka sote wawili, na harufu ya mbege ikatoka kwenye shati lake hadi tukafika kwenye matete ya ng'ambo. Sakafu ilikuwa kavu. Baba alikuwa ameshika ubavu wa mashua kwa mikono miwili, na ufukweni bibi alikuwa akiimba na watu asiowajua.

Tulipogeuza ndipo baba alipouliza, "Hiyo ya pili, ni ya watu wangapi?"

"Wanne."

Alihesabu kitu kwa macho. "Haitatoka mlangoni," alisema. "Itabidi tubomoe ule ukuta wa nyuma wa banda."