Kwa Shangazi Raba, ‘zinatosha’ si jibu

Saa kumi na moja jioni, wauzaji wengine wa viatu wanapoanza kukunja maturubai yao, Shangazi Raba ndiyo kwanza anafungua. Anafagia mbele ya kibanda, anamwagia maji kidogo ili vumbi litulie, kisha anaburuta jukwaa dogo la mbao lenye ukubwa wa kitanda na kuliweka mlangoni. Juu ya jukwaa hilo wasichana wataruka, watapiga hatua mbili tatu za mbio na kusimama ghafla. Asiyeruka hauziwi.

“Asubuhi mguu unadanganya,” anasema huku akipanga raba jozi kwa jozi. “Umelala, umepumzika, umesinyaa. Niletee jioni ukitoka mazoezini, umevimba na una hasira. Huo ndio mguu wa kuchezea.”

Kibanda kimeegemea ukuta wa uwanja wa mpira wa kikapu, karibu kiasi kwamba mpira ukigonga ubao huko ndani, makopo yake ya gundi yanatikisika. Anauza raba za kikapu za mtumba kwa wasichana wa miaka tisa hadi kumi na sita, basi. Ukitaka ndara anakuelekeza kwa jirani. Mama mmoja aliyekuja kutafuta raba za mwanawe wa kiume aliambiwa kwa upole kwamba wavulana wana soko zima, wawaachie wenzao hiki kibanda kimoja.

Jina lake halisi, anasema, wanalijua mumewe na benki. Kwa mtaa mzima yeye ni Shangazi Raba, na kwa wasichana ni Shangazi tu. Ana miaka hamsini na kitu, mikono mipana, na macho yanayoanza kumtazama mtu miguuni kabla hayajapanda usoni. Aliviangalia viatu vya mwandishi wa makala haya, akanyamaza. Mwandishi alielewa.

Kibandani kwake kuna neno moja lililopigwa marufuku, nalo ni “zinatosha.” Anayelitamka anarudishwa jukwaani kuruka upya, hata kama ni mtoto wa mwenye uwanja.

“Neno hilo lina sura mbili,” anaeleza. “Zinatosha, yaani zimekaa vizuri mguuni. Halafu kuna zinatosha ya basi, yaishe, msihangaike kwa ajili yangu. Sasa mtoto akikuambia zinatosha, utajuaje anausemea mguu au anausemea mfuko wa mama yake?”

Kwa hiyo yeye haulizi kama raba zinatosha. Anauliza, “Inakubana wapi?” Kwake kubanwa ni jambo la kawaida, kazi iliyobaki ni kutafuta mahali. Mtoto aliyekuja amejiandaa kukataa hujikuta anaonyesha kwa kidole.

Alijifunza hayo kwa ufagio. Kwa miaka mingi alikuwa mfanya usafi katika ukumbi wa michezo, na kila baada ya mechi za wasichana aliokota chini ya benchi vidonge vya magazeti yaliyofinyangwa na kulowa jasho. Alidhani ni utundu, akawa ananung’unika peke yake. Siku moja aliingia mapema akamkuta msichana mdogo anavichomoa kimoja kimoja kwenye ncha ya raba. Zilikuwa zimenunuliwa kubwa ili akue nazo. Mwenzake wa pembeni alikuwa na shida kinyume chake, amekata raba kwa mbele ili vidole vipate pa kutokea.

“Nilisimama na ufagio wangu nikaona aibu,” anasema. “Muda wote nawasema watoto, kumbe nasema viatu.”

Alianza kwa kukusanya raba zilizoachwa ukumbini, akazisafisha, akazibandika na kuwapa waliozihitaji. Alipoacha kazi ya usafi akafungua kibanda. Mumewe, fundi seremala, alimcheka wiki nzima, halafu bila kuombwa akamtengenezea jukwaa. Biashara haijamtajirisha. Wiki nzuri huuza jozi kumi na tano, wiki mbaya huuza tatu, lakini ada za watoto wake wawili zimetoka hapo hapo, na hilo analisema kwa kifua mbele.

Kuchagua mali ndiko kunakompa raha. Robota likifunguliwa, wenzake wanagombania rangi, yeye anakunja. Raba ya kikapu, anasema, ikunjike pale vidole vinapokunjikia. Ikikunjika katikati, hizo ni kandambili zenye kamba. Anabonyeza kisigino kwa gumba kuona kama kina mfupa. Wasichana wengi, kwa uzoefu wake, wana visigino vyembamba, na raba nyingi zinazoletwa zilishonwa kwa ajili ya wavulana, ndiyo maana anafundisha kufunga kamba kwa kuzirudisha kwenye tundu la mwisho ili kisigino kisipande na kushuka. Anapima miguu yote miwili, soksi za mchezo zikiwa zimevaliwa, na mguu mkubwa ndio bosi.

Akishauza hajamaliza na wewe. Mteja anaondoka na masharti: raba za uwanjani zisiende sokoni wala shuleni, zisafishwe kwa brashi laini na sabuni kidogo, soli ya ndani itolewe ikauke peke yake, zianikwe kivulini kwa sababu jua kali hulegeza gundi. Kamba zifunguliwe kila mara. Anayevua kwa kukanyaga kisigino akimuona Shangazi kwa mbali huinama kufungua, hata akiwa katikati ya njia.

Ijumaa iliyopita kibanda kilijaa kuliko kawaida. Kesho yake kocha wa timu ya wasichana, mwanamke mpole mwenye sauti ya kipaza sauti, alikuwa atangaze wachezaji kumi na wawili wa kwenda mashindano. Alikuwa ameshamnong’oneza Shangazi kwamba Sindano huenda akabaki. Sindano ana miaka kumi na mitatu. Walimwita hivyo kwa sababu ni mwembamba na hupenya popote. Lakini mwezi huo mzima alikuwa hapenyi. Kocha alisema siku hizi mtoto anageuka kama lori la baba yake, na alihofia amechoka na mchezo.

Mwenye lori mwenyewe alitokea jioni hiyo, kashika mkono wa binti yake, ametoka safari na vumbi bado kwenye nyusi. Alitaka kamba mpya tu. Raba alizovaa Sindano zilikuwa nzuri kuliko zote kibandani, nyeupe zenye mstari wa zambarau, za dukani, alizomletea safari ya nyuma kutoka mji wa mbali. Alijieleza kwa furaha: kabla ya safari hiyo alipima mguu wa mwanawe kwa uzi wa katani, akaufunga fundo, akauning’iniza kwenye kioo cha lori. Kila duka aliloingia aliingia na uzi wake. Wauzaji walimcheka, yeye hakujali.

Shangazi alizisifia raba, na alizisifia kweli. Kisha akamgeukia Sindano.

“Inakubana wapi?”

“Hazinibani, Shangazi. Zinatosha.”

Wasichana waliokuwa benchini wakatazamana. Shangazi hakumrudisha jukwaani. Alikuwa ameona kwamba mtoto alipolisema neno lile hakuitazama raba, alimtazama baba yake.

Alimwambia azivue. Akatoa soli ya ndani, akailaza juu ya mbao, akamwomba Sindano aikanyage mguu mtupu. Sindano alisema soksi ni ngumu kutoka. Shangazi akangoja. Baba yake naye akangoja, hajui anangoja nini. Hatimaye soksi ikatoka, na kucha mbili za mbele zilikuwa nyeusi. Alipokanyaga, vidole vilipita ukingo wa soli vikagusa mbao.

Dereva alichuchumaa. Akatoa uzi wake mfukoni, akauweka kisiginoni na kuunyoosha. Fundo liliishia kabla ya kidole gumba. Akauvuta kidogo, kama mtu anayeamini utaongezeka.

“Nilipima mwenyewe,” alisema. “Sikukosea.”

“Hukukosea, kaka,” Shangazi akamjibu. “Ulipima sawasawa. Mtoto ndiye hakukusubiri.”

Hapo Sindano akaanza kulia, na maneno yakatoka yote kwa mkupuo: kwamba zilimkaa vizuri alipoletewa, kwamba zilianza kubana baba akiwa safari nyingine, kwamba kila akipiga simu anauliza raba zinaendeleaje. Angemwambiaje? Dereva alisikiliza akiwa bado amechuchumaa, kaushika ule mguu kwa mikono miwili. Mwandishi aliacha kuandika kwa muda. Kuna mambo hayataki kalamu.

“Nilikuletea ucheze, mama,” baba alisema mwisho. “Sikukuletea uumie.”

Kazi ikaanza. Jozi ya kwanza ilikuwa ya waridi na Sindano aliipenda mara moja, ila alipotua kisigino kikachomoka. Shangazi akaiondoa bila huruma. Ya pili aliruka, akakimbia, akasimama. Shangazi akauliza swali lake. Sindano alimtazama baba yake, kisha akashusha macho hadi kwenye raba.

“Ya kushoto,” alisema. “Hapa pembeni, karibu na kidole kidogo.”

Shangazi alipiga makofi kwa nguvu hadi jirani wa ndara akachungulia. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imeshavaliwa, haina uzuri wowote wa kusimulia. Sindano aliruka, akageuka hewani, akasimama na soli ikalia juu ya mbao. Hakuna aliyeuliza kitu.

Zile nyeupe zilibaki rafuni kama sehemu ya malipo. Dereva hakuondoka. Aliomba uzi mpya, akaupima mwenyewe mbele ya Shangazi, na alipotaka kufunga fundo, Shangazi akaweka kidole chake cha shahada mbele ya kidole gumba cha Sindano na kumwambia afungie pale. Hicho, alimwambia, ni kidole cha safari.

Jumamosi Sindano alitajwa wa nne kati ya kumi na wawili. Kocha alikuja kibandani baadaye, akasema kwa ile sauti yake kwamba lori limeuzwa, sindano imerudi.

Shangazi ana mpango wake. Anataka chumba halisi, chenye sakafu ya mbao na mwanga wa kutosha, na ukuta mmoja mzima wa rafu za kubadilishana. Msichana ataleta raba zilizomshinda na kuondoka na zinazomfuata, asilazimike kuficha mguu wake kwa kumhurumia mtu. Mumewe ameshaanza kukusanya mbao uani, na safari hii hacheki.

Rafu ya kwanza imeanza hapo kibandani, na juu yake kuna zile nyeupe zenye mstari wa zambarau. Mwandishi akiaga, mtoto wa miaka tisa anaingia na dada yake na kuziomba hizo hizo. Anazivaa, anaruka jukwaani, anatua. Uso wake unang’aa.

“Inakubana wapi?”

“Zinato…” Mtoto anajishika mdomo. Anazitazama raba kwa muda mrefu, nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kuvaa. “Ni kubwa, Shangazi.”

Shangazi anapiga magoti, anafungua kamba moja baada ya nyingine, anazirudisha rafuni mahali pa juu kabisa.

“Basi hizi zitakusubiri,” anasema, na kumpa nyingine ajaribu.