Mate Aliyodaiwa Mama Kui

"Kwani mdomo wangu ni gunia ya viazi, kila mtu anataka kuchungulia?"

Mama Kui alinifokea hivyo mimi jirani yake, mlangoni pake, Elburgon, leso mdomoni. Sikuwa nimekuja kubembeleza.

"Kui amenipigia simu analia. Mtoto ana jina lako, Wachuka mzima, na hujamtemea mate. Anasema umemkataa."

Kwetu Wakikuyu nyanya humtemea mjukuu mate kidogo kifuani, na hiyo ndiyo baraka. Mtoto aliyebeba jina lako anakudai. Kui alimleta kutoka Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, nyanya akageuza uso. Akamleta tena, nyanya akajifanya amelala.

Sasa akaondoa leso. Ndani ya shavu, karibu na ufizi, kulikuwa na kitu kimeota, cheupe chenye vidole vidole kama koliflawa.

"Haiumi," akasema. "Lakini ni kansa, najua. Na mate inapita hapo. Nimpe mtoto hiyo?"

"Nani amekupima? Mbao?"

Tangu afiwe na mume, Mama Kui huuza mabaki ya mbao za kiwandani. Akinusa kipande anakuambia ni mti gani. Kuomba msaada ndiko hajui. Nikamburuta hadi Nakuru.

Daktari wa meno, Nazneen, msichana wa sauti laini, alichungulia kwa muda mrefu. "Mama, macho pekee hayatoshi. Nitakikata, kipelekwe maabara."

Baadaye Mama Kui aliniambia kwamba sindano ya ganzi ilipoingia, shavu lake lilienda mbali. Likawa msitu wa ukungu, na ndani yake mtu anatembea polepole na msumeno usio na sauti.

"Uliogopa?"

"Hapana. Nilitaka kumfuata."

Tukangoja majibu. Kila asubuhi ukungu wa msitu wa Mau ulishuka, nikamwona ameketi juu ya mbao, kiganja shavuni, kama mtu anayesikia wimbo wa mbali. Wateja walijipimia wenyewe. Hata mimi nilianza kuongea polepole, na mimi si mtu wa polepole.

Shavu lilikuwa limeshapona Nazneen alipotuita. Ni seli zilizojaa mafuta, akasema, zimejikusanya chini ya ngozi ya mdomo. Si kansa, wala haiambukizi. "Nimeisoma kitabuni tu. Kuiona, ni mara ya kwanza."

"Na mate yangu?"

"Ni mate tu, mama."

"Mate tu!" Mama Kui akanigeukia. "Huyu amesoma nini?"

Hatukupanda gari ya Elburgon. Tulienda Kaptembwo. Kui alifungua mlango bila salamu. Mama yake akamchukua mtoto, akafungua shali, akamtemea kifuani mate mepesi kama umande.

"Mum, si ungeniambia?"

Mama Kui akainama, akatema tena.

"Hiyo ya pili," akasema, "ni ya kuchelewa."