Mungu wa Bahati na Mayai Kumi na Mawili

Mwajiri wangu wa mtaa wa Turffontein, huku kusini mwa Afrika, alikuwa mwalimu mstaafu wa Kilatini, mgane, Mzungu mrefu mwenye haya. Nilimwita mzee, naye alilipenda neno hilo kuliko jina lake. Kabatini alikuwa na kisanamu cha fedha, urefu wa shubiri moja, alichorithi kwa baba yake: mungu wa kike wa bahati wa Warumi wa kale, mkono mmoja ameshika usukani wa merikebu, mwingine pembe iliyojaa matunda. Kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Nilikuwa nikimcheka mungu huyo kimoyomoyo. Mungu wa bahati kakaa miaka yote hiyo karibu na uwanja wa mbio za farasi, na mzee hajawahi kuweka dau hata siku moja.

Macho ya mzee yalikuwa yanazimika. Wiki ile alilazwa hospitali, na Jumanne asubuhi akanipigia simu. Alhamisi angeruhusiwa kurudi nyumbani, na siku hiyo hiyo angekuja mtaalamu wa makumbusho kukiangalia kile kisanamu, kwa hiyo nyumba iwe safi. Alitaka kipate pa kukaa yeye angali anaona kinakokwenda.

Sasa, mimi nimelelewa Tanga. Kwetu mgeni akitarajiwa, birika na sinia husuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka uone meno yako. Ningemwachaje mama wa watu apokee wageni na masizi usoni? Nikachota majivu kwenye jiko la nyama choma uani, nikakata ndimu, nikamsugua hadi makunyanzi ya nguo. Saa sita aling'aa kama bibi harusi. Nilijisifu peke yangu jikoni.

Saa nane mzee akapiga tena. "Nilisahau kukwambia. Kisanamu usikiguse. Ule weusi wa karne nyingi ndio wanaoutaka."

"Sawa, mzee," nikasema, nikakata simu. Makumbusho wakimkataa, nimemharibia mzee tumaini lake la mwisho, na kazi nayo kwaheri. Niliona aibu kweli.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini bibi yangu alikuwa na makatazo mengi, na moja lilinijia: tusimenye mayai ya sikukuu na bangili za fedha mkononi, zitakuwa nyeusi. Nikakimbilia spaza, duka dogo la Mkongo pale kona, nikaagiza mayai kumi na mawili.

"Mayai douze?" akaniuliza. "Dada, uko na harusi?"

"Nina mgonjwa," nikamjibu.

Nikayachemsha yote, nikayamenya, nikayaponda yakiwa ya moto, nikayatia kwenye ndoo ya plastiki, yule mama wa fedha nikamsimamisha katikati juu ya kikombe, nikafunika. Jumatano alikuwa na rangi ya chai. Nikamrudisha humo. Alhamisi asubuhi alikuwa mweusi, amezeeka tena karne zake zote.

Mtaalamu alivaa glovu, akaweka lenzi jichoni, akamsifia mzee kwa kuuhifadhi weusi ule bila tamaa ya kusugua. Mara moja akanusa, akanitazama. Nikamkaribisha chai. Akasema watamchukua Jumatatu.

Alipoondoka, mzee alibaki kitini akiwa na kisanamu mapajani. "Kwenye pipa kuna maganda ya mayai kumi na mawili," akasema. "Na wewe mayai huli."

Nikamweleza yote, majivu, ndimu na ndoo. Nilingoja anifukuze.

"Ulipomsafisha," akauliza, "alikuwaje?"

"Ana kicheko, mzee. Mdomo umekaa upande, kama mtu anayejizuia."

Akapitisha kidole gumba juu ya ule uso mweusi, polepole, akiutafuta mdomo. Tangu utotoni alikuwa naye, na hakuwahi kuuona.

"Leo ni Alhamisi," akasema hatimaye. "Jumatatu bado iko mbali."

Nikachukua bakuli niende uani kwa majivu. Sijafika mlangoni akaniita.

"Ukitoka huko, pitia dukani ulete na mayai."